Kivuli Kilichokunja Kidole

Ninayoyasema hapa hutayaamini, wala sikulaumu, maana hata mimi niliyekuwepo huwa najifinya kidogo. Kijiti kimoja cha kawaida, kisichofaa hata kuchokonolea meno, nusura kimfukuzishe kazi mpwa wangu Sahondra, mwalimu wa chekechea hapa kwetu Ambatolampy, juu kwenye vilima vya Madagaska. Yeye mwenyewe yuko jikoni sasa anapasha maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu, nami nina tabia ya kuandika kwa sauti, basi nitajitahidi kusema kweli.

Sahondra hajui kukaa. Anakula wali akitembea, anasali akipigapiga mguu. Na wanafunzi wake amewaambukiza. Darasani kwake hakuna kukariri, wanakimbiza mwanga. Wanarusha jua ukutani kwa kifuniko cha sufuria, na kifuniko nimekiunda na kukisugua mimi, fundi wa sufuria, kinang'aa kuliko kioo cha bibi harusi. Wanasogeza mikono kwenye mshumaa waone vivuli vinavyovimba. Mimi shule niliiacha mapema, ikabaki inanililia, lakini pale huwa nachungulia.

Siku hiyo alichomeka kijiti uani, akawaambia watoto wachore kivuli chake kwa majivu kila kinaposogea. Asubuhi kilielekea magharibi, hakuna neno. Alasiri kikageuka, kikarefuka, kikanyooka moja kwa moja kwenye kaburi la ukoo wa Bibi Rasoavelo, pale kilimani mashariki. Watoto nao wakanyoosha mstari wao wa majivu huko huko, wakishangilia!

Sasa, kaburi halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha unakikunja, kifundo kinatangulia. Mtoto anayetambaa anajua. Na Bibi Rasoavelo, mkuu wa wazazi, ndiye aliyekuwa anapita.

"We Sahondra! Unawafundisha wajukuu zangu kuwanyooshea wafu wetu kijiti?"

"Sijanyoosha mimi, Bibi. Ni jua."

"Basi kesho jua lifundishe, wewe ukae nyumbani ulale."

Akaita wazazi. Wakaja na shuka zao mabegani, wakajipanga ukutani kama wanunuzi wa ng'ombe. "Afadhali yule wa zamani," mmoja akasema, "alikuwa anawakaririsha tu, watoto wanarudi nyumbani wamechoka vizuri."

Sahondra akawa anakizunguka kijiti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikishika, anakiachia. Akiking'oa amekubali kosa, na watoto watakiogopa kivuli maisha yao yote. Akikiacha, hana kazi. Mawingu ya mvua yalikuwa yanapanda. Moja likameza jua, kivuli kikatoweka.

"Mmeona?" Bibi Rasoavelo akasema. "Hata chenyewe kina haya."

Watu wakacheka. Walipomaliza kucheka, Sahondra hayupo. "Amekimbia," wakasema. Kumbe amekimbilia kwangu! Akarudi anahema, amekumbatia sufuria yangu kubwa ya harusi, nami nyuma yake, akaifudikiza chini, mashariki ya kijiti, akasimama anang'ata kucha, macho juu.

Wingu halina haraka. Watoto wakaanza kulipigia kelele liondoke. Wazazi wakaanza kukunja shuka waondoke.

Jua likachomoza.

Kivuli kikatambaa chini, kikagonga sufuria, kikapanda ubavuni, kikajikunja juu ya kitako chake. Kilekile kijiti, lilelile jua.

"Kimekunja kidole!" akapiga kelele mjukuu wa Bibi Rasoavelo mwenyewe. "Bibi, kimekunja kidole!"

"Kivuli hakichagui pa kwenda, Bibi," Sahondra akasema. "Kinafuata kilichoko mbele yake. Hilo ndilo ninalowafundisha."

Bibi Rasoavelo akainama. Akaisogeza sufuria mwenyewe, kivuli kikanyooka. Akairudisha haraka, kikakunjika. Akaisogeza tena. Akasahau kwamba ana hasira.

"Kesho njoo mapema," akamwambia Sahondra bila kuinua macho. "Na hii sufuria iwepo."

Hapo ndipo wazazi wote wakageuka kuuliza ni nani bingwa aliyeitengeneza, wakanivuta mbele, wakapiga makofi hadi ng'ombe wakakata kamba, Bibi Rasoavelo akaniambia wazi kwamba bila mimi kijiji hiki kingekuwa giz—

"Mjomba!" Sahondra anadakia kutoka jikoni. "Bibi alikuambia usogee kaskazini, ulikuwa unatuzibia jua."