Skafu Yake Niliifunga Mimi, Leo Anasema Ahadi Yangu Haihesabiki

Admin, nifichie jina na usitaje kikosi changu, maana viongozi wa chama cha skauti wamo humu na wanasoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi Muyinga, nalima na kuuza maharage. Nilikulia kambini Tanzania, amani ilipopatikana tukarudi Burundi. Nina hasira, mtanivumilia.

Uskauti nilianzia huko huko kambini. Sare hatukuwa nazo, na skafu zetu zilikatwa kwenye shuka la bluu la mama jirani. Siku ya kutoa ahadi nilisimama na mvulana mmoja aliyeshindwa kufunga fundo la skafu yake. Nikamfungia. Tukapeana mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana. Familia yao ilitangulia kurudi, tukapotezana.

Muyinga nilikuta watoto waliorudi kama mimi, wanachekwa shuleni kwa sababu Kifaransa kinawapiga chenga. Nikaanzisha kikosi. Nimewafundisha kila ninachokijua, na ahadi zao nimezipokea mimi mwenyewe. Mwaka huu viongozi wenzangu wakanichagua niwe kamishna wa mkoa, nikaenda Gitega kwenye mkutano wa taifa ili nithibitishwe. Binti mmoja wa kikosi nilimchukua anisindikize.

Mkuu wa chama alikuwa yule mvulana. Nilifurahi kama mjinga, nikamnyooshea mkono wa kushoto. Akautazama, akanipa wa kulia kama anavyompa mgeni yeyote.

Zamu yangu ilipofika akaniuliza mbele ya ukumbi mzima nilikotolea ahadi, "Donc, dada, promesse yako ulifanyia wapi?"

"Kambini, Tanzania."

"Ile haiko reconnue, haihesabiki. Utaanza upya, we na watoto wako wote. Mi mwenyewe nitakuja Muyinga kuwavalisha skafu."

Kuna waliocheka. "Hawa rapatriés," mmoja akatusema sisi tuliorudi, "wanafikiri huku iko kambini." Nilikaa chini. Mtu anayejua fika ahadi ile ilivyotolewa, kwa sababu aliitoa bega kwa bega na mimi, ananivua nguo mbele za watu!

Alinifuata nje, sauti ameishusha. "We, tafadhali. Hapa mi nimesema siku zote promesse yangu niliifanyia Gitega. Wakijua ni kambini, wananiondoa. Vumilia siku moja tu, vraiment, na ukamishna utaupata."

Sasa hapo hakuna anayetuona ndipo akaninyooshea mkono wa kushoto. Sikuupokea. Nilimwambia, "Uweke, utauhitaji Muyinga," nikaondoka.

Njiani kurudi yule binti akaniuliza, "Chef, kumbe promesse yetu ilikuwa ya bure? Sisi hatuko scouts?" Nikajifanya nimesinzia. Mimi, niliyewafundisha kwamba skauti hadanganyi.

Jumapili ijayo anakuja. Nikikubali kuvalishwa upya nakuwa kamishna, na watoto wanaenda kambi ya taifa waliyoisubiri kwa hamu. Lakini nitakuwa nimekiri mbele yao kwamba siku waliyosimama mbele yangu na kuinua vidole vitatu vya ahadi tulikuwa tunacheza. Nikikataa, kikosi kinafutwa. Na nikifungua mdomo nikasema ni nani aliyemfungia skafu yake ya kwanza, na wapi, yeye ndiye anayeanguka. Mume wangu anasema nimuanike tu, amejitakia. Mama yangu anasema yule ni mtoto wa kambini, tulikula sufuria moja, nimsitiri.

Kumsitiri nimeshamsitiri, na ona alivyonilipa. Ile skafu ya bluu bado ninayo, nimeifua na kuipiga pasi, lakini sijui kama nitaivaa Jumapili au nitaiacha sandukuni. Na binti yule kila tukionana ananitazama tu, anasubiri.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu nini binti huyu?