Simama Kama Unaswali

Miaka ile ya vita mbwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri kule mlimani, walishuka mjini. Wenye mbwa walikuwa wamepanda ndege, wakawaacha na mikanda yao ya ngozi shingoni. Sisi wa Nyakabiga tukawarithi. Ukimfukuza mmoja kwa Kiswahili anakutazama tu. Bwana mkubwa amezoea Kifaransa.

Wanangu hawakujua mbwa. Sisi ni Waislamu wa zamani wa mji huu, na mama mkwe alikuwa amewatia hofu tangu wanatambaa: mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa utaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi wakimwona mbwa wanatimua mbio na makelele, na mbwa, hata asiye na nia mbaya, hufuata kinachokimbia. Hivyo ndivyo mtoto wa jirani alivyoumwa paja. Siku hiyo ilikuwa ville morte, mji umekufa, barabara zimefungwa, na sindano iko hospitali. Nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta mpaka jioni. Risasi zipo, njaa ipo, sasa na mbwa?

Shule hakuna, kutoka hakuna, tumebanwa uani kama kuku. Nikasema nitawafundisha. Mi mwenyewe mambo ya mbwa siyajui, lakini kutulia wanangu walikujua kwa swala. Nikawaambia wakikutana na mbwa wasikimbie: wasimame kama wanaswali, mikono kifuani, macho chini pale pa kusujudu, wasigeuke, wasiseme neno. Akishanusa ataenda zake. Nikawa mbwa mimi, nikawazunguka nikibweka, wakacheka kweli. Mama mkwe akasema astaghfirullah, swala nimeifanya dawa ya mbwa. Nikamjibu kwa adabu, ingawa roho iliniwaka, kwamba maji ya kumwosha mtu mara saba hatuna, mfereji umekauka.

Kitinda mimba wangu, binti wa miaka sita, ndiye aliyeshika somo kuliko wote.

Asubuhi moja alitoka kwenda choo cha uani. Mbwa mkubwa akapenya kwenye pengo la bati. Nilikuwa mlangoni, nikamwona mwanangu amesimama, mikono kifuani, macho chini. Wallahi nilijivuna.

Mara risasi zikaanza, karibu kabisa. Kwa risasi tulikuwa na somo jingine, la zamani zaidi: lala chini. Ndani wote tulilala. Yeye alibaki wima katikati ya ua.

Nikapiga kelele alale. Hakugeuka. Nikaanza kutambaa nje, mume wangu akanishika mguu akikataa nisitoke, nikamuuma mkono mpaka akaniachia. Nikaenda kwa tumbo, mabati yanalia juu yangu. Mbwa alikuwa ameshajilaza miguuni pa mtoto, masikio nyuma, anatetemeka.

Mwanangu akanong'ona bila kuinua macho, "Mama, mbwa amelala. Na mi nilale?"

"Lala, mama, lala."

"Apana, ataniuma."

Nikamvuta mguu akaanguka, uso wake ukagusana na wa mbwa. Nikawalalia wote wawili, maana hakukuwa na nafasi ya kuwatenganisha.