Dereva Aliyeomba Tiba

Jumatatu asubuhi nilikuwa kortini, nimeketi nyuma ya dereva wa lori kutoka Makongeni aliyekamatwa akiendesha amelewa. Mikono ilimtetemeka hata akaikalia.

Alipoitwa alisimama. “Mheshimiwa, faini nimeshazoea. Nipeleke nikatibiwe. Pombe imenishinda.”

Watu walicheka. Hakimu alivua miwani. “Mzee, sheria niliyopewa ina faini na jela. Hospitali haimo.”

Madereva wenzake walikuwa wamechanga tayari. Walimlipia faini aliyotozwa, wakamkumbatia, kisha wakamvusha barabara hadi baa. “Kuja tukutoe baridi ya seli, buda!”

Hao ndio wanaompenda. Kortini mle, aliyeongea kama mtu mwenye akili timamu alikuwa mlevi peke yake.

Mlangoni pa baa aligeuka, akaitazama korti. Hakuna aliyemwita arudi.