Bunduki ya Papa Ilipoanza Kukosa

Wenzangu mliokulia mtaa wa Kikula pamoja nami, bila shaka mnakumbuka siku zile king'ora cha kiwanda kiliponyamaza na baba zetu wakabaki nyumbani, wakizunguka uani kama watu waliopoteza ufunguo. Sisi tuliruka kamba barabarani, tukanyonya masuku, matunda ya porini, mpaka vidole vikanata, tukala bukari, ugali wetu, kwa mboga ya majani ya matamba, na kesho yake matamba tena. Watoto wangu leo wakikuta sahani haina nyama, wananuna kana kwamba wamefiwa.

Kwetu nyama ilitoka porini. Papa, baba yangu, alikuwa na karabini, bunduki kuukuu aliyoachiwa na babu, na kila alipoingia pori la upande wa mto Lufira alirudi na kanga au swala mdogo. Nusu Mama aliuza, nusu tukala.

Kisha zikaja siku za uporaji. Tulisikia milio ya risasi upande wa mjini, na Papa akaamua kuificha bunduki isiporwe. Alichimba shimo chini ya banda la kuku, akanipa nailoni nzito. "Weye, funga muzuri, mayi isiingie," akaniambia, akakimbilia getini kutazama barabara. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikaitazama ile nailoni isiyopitisha maji, nikafikiria viatu vyangu vya kanisani na paa letu linalovuja. Bunduki nikaifunga kwa gunia tupu. Nailoni nikafunikia viatu. Mvua ikanyesha majuma matatu.

Kulipotulia niliifukua mwenyewe, nikalificha gunia; Papa aliisugua kutu, akatia mafuta, akaenda porini. Akarudi mikono mitupu. Mara ya pili na ya tatu, vilevile. Nyumba ikakosa utulivu. Papa hakukalia kiti tena, alikula amesimama. Alilaumu risasi, akazibadilisha. Alilaumu upepo. Mama aliiombea bunduki kwa sauti, mkono juu ya mtutu, na mama mmoja wa kanisani akasema kuna mtu ametufunga kwa uchawi. Mwishowe Papa akajilaumu mwenyewe. "Macho yangu inaisha," alimwambia Mama. "Ntaiuzisha." Kila nilipotaka kukiri habari za gunia, niliogopa kofi.

Kabla hajaiuza, alitaka kujaribu mara moja tena, asubuhi ya baridi, nyuma ya machimbo ya Kakontwe. Nilibandika katoni kwenye kichuguu, na kila alipopiga na kuiweka bunduki chini, nilikimbia kuandika namba kando ya tundu. Matundu yalitapakaa.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa Tonton Mbuyi, mjomba kwa heshima tu, fundi wa chuma, jirani yetu wa ukuta mmoja. Lakini yeye na familia yake walikuwa kwenye kituo cha treni, pamoja na watu wengi wenye asili ya mkoa wa Kasai waliolazimishwa kuacha nyumba zao kwa sababu ya asili hiyo. Walikaa juu ya mizigo, wakingoja treni ya kuwapeleka huko Kasai, ambayo hakuna aliyejua siku yake. Papa alitenganisha mtutu na mbao, akavifunga ndani ya mkeka kama matandiko, tukaenda.

Tonton alikuwa amekonda. Alitazama kwanza katoni yangu. "Ya kwanza iliingia wapi?"

"Katikati, Tonton. Zingine zote zinaenda kushoto, kila moja mbali kuliko ingine."

Akacheka kidogo. "Basi macho ya papa yako iko muzuri." Akaunganisha bunduki, akachana karatasi ya daftari langu, akaipitisha kati ya mtutu na mbao. Ikafika katikati, ikakwama. "Unaona? Muti ilikunywa mayi, ikavimba. Mututu ikipata moto, ya jua kule porini ao ya risasi, muti inaisukuma. Mayi ilipita wapi?"

"Haiwezekani," Papa alisema. "Tulifunga na nailoni."

Nikaanza kulia. "Njo miye, Papa. Nailoni nilifunika nayo viatu yangu."

Nilingoja kofi. Papa alinitazama, watu na mizigo yao wakitusukuma huku na huku. "Majuma yote ile uliniacha nifikiri ninakuwa kipofu?"

Kofi lingeuma kidogo kuliko maneno hayo. Tonton akanipa kipande cha chupa iliyovunjika. "Kuya, kwaruza hapa. Polepole." Nikakwaruza nikilia, yeye akipima kwa karatasi, mpaka ikateleza mwanzo hadi mwisho. Papa alipomuuliza ampe nini, alisema tu, "Ukiua nyama, utaniletea muguu."

Siku ya tatu Papa akaangusha swala kwa risasi moja. Mama hakuuza hata kipande. Alikaanga mguu wa nyuma kwa chumvi nyingi usiharibike safarini, na mimi na Papa tukatembea haraka, karibu kukimbia, hadi kituoni. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Pale walipokuwa palibaki majivu na sufuria iliyotoboka. Papa aliuliza huyu na yule, bakuli mikononi. Hakuna aliyejua kama walipanda wote. Akawapa nyama watoto wa familia nyingine iliyokuwa bado inangoja, tukarudi nyumbani na bakuli tupu.

Leo binti yangu akienda Lubumbashi tu, ananipigia simu mara tatu njiani, ananionyesha hata anachokula, nami namgombeza kwamba ananisumbua. Kisha nakumbuka kituo kile. Enzi zetu mtu akiondoka, alikuwa ameondoka. Kila mgeni kutoka Kasai ninayekutana naye namuuliza habari za Tonton Mbuyi, na mpaka sasa naendelea kuuliza.