Sabuni Kwenye Mitende ya Gerishon

Hapo Kamakis hakuna aliyependa usafi kama Gerishon, au Baba Lynn kama majirani walivyomwita. Nasari yake ya miche ilifagiliwa kila asubuhi, na kila Ijumaa, bila kukosa, alipanguza majani ya mitende ya mapambo kwa sabuni ya unga ili wateja wa wikendi wayakute yaking'aa. Mitende hiyo aliilea kutoka mbegu miaka sita. Ndiyo iliyomlisha.

Kisha mbawakawa wakaingia. Wadudu wembamba hao hujificha ndani ya jani changa ambalo halijafunguka na kulikwangua huko huko. Likija kufunguka, limeshakauka. Nduku, jirani yake wa nasari, alipiga dawa mpaka akakohoa, na wadudu wakaendelea kula bila wasiwasi.

Maggie, afisa wa kilimo, akaleta nyigu wadogo kuliko chawa, wanaotaga mayai ndani ya viwavi vya mbawakawa na kuviua.

"Tumepata hawa tu," alisema. "Nitawaweka kwa mzee Gerishon, yeye ni mtu wa mpango. Watafika kwa Nduku wenyewe. Lakini msipige dawa, tafadhali."

Wote wawili wakaahidi.

Laiti Gerishon angekuwa mchafu! Kwake yeye dawa ni ile ya agrovet, duka la pembejeo, yenye fuvu kwenye chupa. Sabuni ni ya kufulia. Ijumaa nne mfululizo alipanguza jani kwa jani, akipiga mluzi wimbo wa kanisani, povu likichuruzika hadi kwenye majani machanga.

Maggie aliporudi alipasua jani changa, kisha lingine. Mbawakawa walikuwa tele. Nyigu, hakuna hata mmoja.

"Hii yote ikatwe ichomwe, nasari zote mbili, kabla wasambae," alisema kwa uchungu. Akamgeukia Nduku. "Mama, ulishindwa kuvumilia? Hata sabuni tu huwamaliza nyigu, sembuse dawa!"

"Haki ya Mungu sijagusa pampu," Nduku alisema, machozi yakimlengalenga.

Gerishon angeweza kunyamaza, lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nayaosha majani na sabuni."

Alitamani Nduku amtukane. Nduku alichukua panga, akaanza kukata mitende yake mmoja mmoja. Gerishon alipomfuata kumsaidia, hakugeuka.

"Kata yako, Baba Lynn," alimwambia polepole.