Karatasi ya Kushindwa

Mara ya kwanza nilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, pale Ikinga, mkono wangu wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kipande cha khanga. Mume wangu alikuwa amenipiga kwa mchi kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka shamba la kijiji. Nilikuwa na watoto watatu na nilitaka talaka. Karani wa mahakama alikuwa ameshanieleza: chini ya sheria mpya ya ndoa, hakimu hasikilizi shauri mpaka baraza liandike kwamba limejaribu kuwapatanisha, likashindwa.

Wajumbe walikuwa wanaume wanne na mama mmoja. Walinipa pole kwa Kindali, lakini mwenyekiti alipofungua daftari tukahamia Kiswahili. Kwa Kindali ningeweza kulia. Kwa Kiswahili nilijibu tu nilichoulizwa.

"Mama, ndoa si mali yenu wawili," mwenyekiti alisema. "Kijiji kinajengwa kwa kaya. Kaya zikivunjika, tutajenga na nini? Rudi, ukaongee naye taratibu."

Nilirudi. Nikaenda tena, nikarudishwa tena. Mara ya tatu mume wangu aliitwa. Alikuja na shati safi, akaomba radhi kwa adabu mpaka mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, akafuta machozi. Tulipofika nyumbani alinipiga teke, na mimba ya miezi minne ikatoka.

Mara ya nne nilipiga magoti mbele ya mwenyekiti. "Baba, andika tu kwamba mmeshindwa."

"Baraza hili halijawahi kushindwa," alisema, akafunga daftari.

Nilimfuata yule mama mjumbe nje. "Hata wewe, mama, huna neno?"

Hakunitazama. "Mwanangu, na mimi nina kwangu."

Halafu mume wangu akapata mwanamke ng'ambo ya mto, upande wa Malawi. Ndoa yetu ilikuwa ya kanisani, ya mke mmoja. Asingeweza kumwoa juu yangu. Alikwenda barazani kuomba talaka mara moja tu, na asubuhi hiyohiyo karatasi ikaandikwa. Mwenyekiti aliniletea mwenyewe.

"Si ndiyo uliyoitaka, mama?"

Niliikunja, nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Hakimu alivunja ndoa. Wakubwa wawili wabaki kwa baba yao, alisema. Mdogo nikae naye mpaka atimize miaka saba. Nilikwenda naye Tunduma, nikapata kazi ya kupika kwa familia ya mfanyabiashara Mwislamu kule Chapwa. Walitutendea wema. Lakini kila mwanangu alipong'oka jino nilikuwa nahesabu miezi.

Alipotimiza saba hakuna askari aliyekuja kumchukua. Nilimpeleka mwenyewe, kwa basi, halafu kwa miguu kupanda mlima, kwa kuwa hukumu ilikuwa na muhuri na niliogopa. Mke mpya alitupokea vizuri, akampa mtoto maji ya kunawa.

"Mama, unakuja kunichukua lini?" mwanangu aliniuliza.

Nikamwambia kesho.