Nilivyomtafutia kola mbwa wangu wa ndege: ya umeme ilinila paja, ya kengele ikanipa mbuzi

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kulogin, nawaona pia.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Arusha, na paja langu ni shahidi. Mod akigundua nimetia chumvi, anifungie akaunti.

Kwa wasiojua, mbwa wa ndege si wa kubweka getini. Kazi yake ni kunusa kwale au kanga kwenye nyasi. Akimpata anasimama palepale, mguu mmoja juu, anasubiri mwenye bunduki afike.

Mshikaji wangu Elibariki ndiye mwenye kibali cha kuwinda ndege. Mimi sina hata manati. Ila mbwa ni wangu, niliachiwa na jirani aliyehama nchi.

Nilimpa jina Diwani, kwa sababu ukishamlisha humwoni tena mtaani.

Diwani pua anayo. Shida ilikuwa breki. Akinusa ndege hasimami, anamfukuza mpaka anapotea, na sisi tunabaki porini tunaita "Diwani! Diwani!" kama wananchi wenye kero ya maji.

Sasa siku moja jumuiya ilisali kwetu Njiro. Watu wamefumba macho, mwinjilisti yuko katikati ya sala, Diwani akaingia sebuleni na jogoo mdomoni. Mzima, anapiga kelele. Akamweka miguuni kwa mwinjilisti kama sadaka.

Jogoo alikuwa wa Mama Aminiel, jirani yetu mstaafu. Naye alikuwepo, amekaa kochi la kwanza.

Wageni walipoondoka, mke wangu Mama Glory akatoa hukumu. Kaka yake, shemeji Godlisten, ana yadi ya magari mabovu Sakina na alikuwa anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo. Wakati huo alikuwa safarini Singida.

"Shemeji yako akirudi anamchukua," akasema. "Labda huyo mbwa aweze kupita mbele ya kuku asimguse. Na hilo Baba Glory hutaliona duniani."

Wakuu, niliumia. Hiyo yadi naijua. Mbwa wa mwisho kule alizunguka gurudumu moja la lori mpaka akazeeka. Diwani ni mwizi, sawa, lakini alizaliwa kukimbia.

Nikaingia mtandaoni kutafuta kola ya kumfundishia.

Ya kwanza kununua ilikuwa ya umeme. Unamvisha mbwa, unashika rimoti, akikosea unabonyeza anapata shoti. Wanaouza wanakwambia ni mtekenyo tu.

Mimi nikasema simvishi mbwa kitu ambacho sijakionja. Siku ya Jumamosi nikaifunga pajani, rimoti nikaiacha mezani, nikatoka kwenye majani kumwagilia maua kwanza. Sijui niliwaza nini.

Mama Glory alikuwa anawahi kwaya. Akachukua rimoti mezani akijua ni ya geti, akaingia kwenye gari, akabonyeza.

Geti halikufunguka. Mimi nilifunguka.

Akabonyeza tena. Mnajua mtu akiona rimoti haifanyi kazi anavyofanya? Anaishikilia. Nilikuwa chini kwenye matope nimeng'ata mpira wa maji, sauti imekata.

Akatoa kichwa dirishani. "Baba Glory, acha kugaragara! Njoo unifungulie geti, betri imekwisha!"

Na Diwani, mbwa ninayemtetea, alikuja akaninusa, akaenda kunywa maji yaliyokuwa yanamwagika.

Siwazuii mnaozitumia, wapo wanaojua kuzirekebisha taratibu. Mimi sikujua, na baada ya ile shoti sikuwa na roho ya kumfanyia mbwa wangu hivyo. Kola ikarudi kwenye boksi.

Elibariki akaniambia wawindaji wa zamani walitumia kola ya kengele. Mbwa akiwa kwenye nyasi ndefu humwoni, lakini unamsikia. Kengele ikilia, anatafuta. Ikinyamaza, amesimama, ana ndege.

Nikaona hii ndiyo yenyewe. Nikaenda soko la Ngaramtoni, nikachukua kengele ya mbuzi, nikamfunga shingoni.

Waarusha wenzangu hapa mmeshaanza kucheka. Subirini.

Tukaenda upande wa Oldonyosambu, nyasi nzuri, hewa safi. Diwani akaachiwa, kengele ikawa inalia vizuri kabisa. Nikajisikia mtaalamu.

Mara nasikia vishindo nyuma yetu.

Kila kundi la mbuzi kule lina beberu wa mbele anayevishwa kengele, na wengine wakisikia mlio wake wanafuata bila swali. Hili kila mtoto anajua. Mimi nimekulia Ilboru kwa babu aliyefuga mbuzi, nilijua vizuri tu. Siku hiyo akili ilikuwa likizo.

Diwani alipokimbia, mbuzi wakakimbia. Akikata kulia, kundi zima kulia. Akageuka kuangalia nyuma, sijawahi kuona mbwa ameshangaa hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani alirudi kwangu bila kuitwa, akajificha katikati ya miguu yangu. Mbuzi wakatuzunguka wakisubiri maelekezo.

Elibariki alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka anakohoa.

Mwenye mbuzi akatokea, mama mmoja mtu mzima, ana hasira na fimbo.

"Shikamoo mama," nikawahi.

"Marahaba. Toa kengele!" akasema. "Wewe unataka mbuzi zangu zikalale mjini?"

Nikaitoa palepale.

Nikatafuta mlio ambao mbuzi hawaujui. Mwishowe nikapata njuga, hizi za kuvaa miguuni kwenye ngoma. Fundi viatu mmoja Sakina akanishonea kola ya ngozi pana na laini, njuga tatu ndogo pembeni.

Kutoka hapo ilikuwa kazi tu. Kila asubuhi kabla ya ofisi, kamba ndefu, njuga, na neno moja: "Tulia." Akisimama, anapata kipande cha nyama. Akifukuza, namrudisha tunaanza upya. Majirani walidhani nafundisha ngoma.

Kisha shemeji akarudi.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, mnyororo uko kiti cha mbele. Mama Glory akafungua geti gari liingie, na Diwani akachomoka kupitia pembeni. Nje, kuku wa Mama Aminiel walikuwa wanachakura.

"Haya," shemeji akasema. "Nimeshaona. Nisaidieni kumkamata."

Tulisikia njuga zinalia kwa kasi kuelekea ukutani kwa jirani. Mimi sikuwahi hata kuita.

Halafu njuga zikanyamaza.

Tukakimbia. Diwani alikuwa amesimama, mguu juu, mkia umenyooka, anatetemeka mwili mzima. Jogoo yule yule alikuwa hatua chache mbele ya pua yake, anakula mchwa.

Hakumgusa. Alinisubiri mimi.

"Tulia," nikasema, ingawa alishatulia, na wakuu, machozi yalinitoka mbele ya shemeji.

Mama Glory alimwangalia mbwa, akaniangalia mimi. "Godlisten," akasema, "katafute mbwa mwingine."

Nilichojifunza: kola haimfundishi mbwa. Inakwambia alipo na anafanya nini, kufundisha ni wewe na uvumilivu wako. Chagua ambayo ungekubali kuivaa mwenyewe, na uliza kwanza eneo lako lina mbuzi kiasi gani.

Wenye mbwa wa ndege mnatumia kola gani? Na kuna aliyewahi kupigwa shoti na mkewe, au niko peke yangu? Msinionee huruma, semeni.

Mnyororo shemeji alituachia. Tunafungia geti, maana rimoti siku hizi hakuna anayebonyeza mpaka nivue suruali aone mapaja.